Pimeni Urefu wa Watoto Wetu: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Kliniki za Selimundu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Waganga Wakuu wa Mikoa, Waganga Wafawidhi, na madaktari na wauguzi wote wa kliniki za selimundu nchini.



Ombi langu ni moja na nalitaja mapema. Kila mtoto mwenye selimundu anayefika kliniki apimwe urefu pamoja na uzito. Akifikisha miaka kumi, aanze kuulizwa na kuangaliwa dalili za kubalehe, faraghani na kwa staha. Majibu yaandikwe mahali ambapo daktari wa kliniki ijayo atayaona. Na mtoto ambaye urefu wake umesimama, au ambaye wenzake wote wamepevuka yeye bado, apewe rufaa kwa mtu anayezijua homoni.

Mimi ni mama wa watoto wawili wenye selimundu. Binti yuko kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume yuko darasa la sita. Sikusomea udaktari. Ninayoyajua nimeyapata kwenye mabenchi ya kliniki, kwa madaktari wachache waliokuwa na subira ya kujibu maswali yangu, na kwa kusoma usiku watoto wakiwa wamelala.

Kwanza niwape haki yenu. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na tumo miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Barani Afrika, nusu yao au zaidi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi bila hata ugonjwa wao kupewa jina. Bibi zetu waliwazika na kusema ni homa, ni degedege, ni jicho la mtu. Leo kuna kliniki. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu wa kitafiti tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na wataalamu wengi wamepita katika mikono hiyo. Kuna penisilini ya kuwakinga wadogo, kuna foliki asidi, kuna haidroksiyurea ya kupunguza maumivu. Watoto wetu wanaishi. Ndiyo maana naandika barua hii sasa. Mtoto aliyekuwa anatarajiwa kufa akiwa na miaka minne hakuna aliyewaza atakuwaje akiwa na miaka kumi na sita. Sasa wapo, wamejaa madarasani, na mfumo wetu bado unawahudumia kana kwamba kazi yote ni kuwavusha utotoni.

Siku moja nilikuwa nimeshika faili la binti yangu nikisubiri foleni ya daktari, nikalifungua. Kila ukurasa una mstari wa vipimo vya awali: tarehe, joto, uzito, wingi wa damu, oksijeni, urefu. Joto limejazwa. Uzito umejazwa. Wingi wa damu upo, mara nyingine kwa wino mwekundu ulipokuwa umeshuka. Chini ya urefu hakuna kitu. Nilifunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kidole changu kikishuka kwenye safu ile ile, hadi nikafika kwenye karatasi za zamani zilizoanza kugeuka rangi. Urefu ulikuwa umeandikwa siku aliyoandikishwa, basi. Kipimo chenyewe kipo pale kliniki. Kimesimama ukutani nyuma ya mlango, na mbele yake yamepangwa maboksi ya glavu na dripu. Sitaitaja kliniki hiyo kwa sababu najua siyo peke yake, na kwa sababu wauguzi wake ni watu ninaowaheshimu. Wanahudumia umati kwa mikono michache. Lakini safu ile tupu ilinieleza ni nini kinachohesabiwa kuwa ugonjwa na ni nini hakihesabiwi.

Nchi yetu imepigana na udumavu kwa dhati. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 34. Viongozi wa mikoa wanaulizwa habari za udumavu kwenye vikao, na ni vizuri. Ila kadi ya kliniki ya mtoto, ile yenye mistari ya rangi, inaishia miaka mitano. Baada ya hapo hakuna anayempima mtoto wa Kitanzania mpaka siku atakapoomba kujiunga na jeshi. Kwa mtoto mwenye afya njema huenda hasara si kubwa. Kwa mtoto wa selimundu, miaka mitano ndipo simulizi ya kukua kwake inapoanza kuharibika waziwazi. Huzaliwa na uzito wa kawaida kama mtoto mwingine yeyote, kwa sababu bado ana damu ya kichanga inayomkinga kwa miezi ya mwanzo. Damu hiyo ikishapungua, mwendo wake unaanza kuwa wa taratibu. Kila mwaka anaachwa kidogo. Anapofika umri ambao wenzake wanarefuka ghafla, pengo linakuwa la wazi kwa kila mtu isipokuwa kwa faili lake.

Niliwahi kudhani sababu ni moja, kwamba watoto hawa hawali. Ni kweli hamu ya chakula inawapotea, hasa siku za maumivu. Lakini hata akila sahani sawa na ya mwenzake hakui sawa naye. Chembe nyekundu ya damu ya mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20, kisha inapasuka. Uboho wa mifupa unalazimika kuzalisha damu usiku na mchana bila kupumzika, na moyo unapiga kwa kasi zaidi ili damu hiyo kidogo itoshe kusambaza hewa. Yote haya yanakula chakula. Hata akiwa amekaa kimya, mwili wa mtoto huyu unatumia nguvu nyingi kuliko wa mwenzake. Ni kama nyumba ambayo mshahara wote unaishia kuziba paa linalovuja. Ada ya shule inakosekana hata kama mshahara si mdogo. Protini ambayo ingejenga mfupa na msuli inakwenda kutengeneza damu itakayopasuka baada ya wiki mbili.

Kuna na madini ya zinki. Figo za mgonjwa wa selimundu hupoteza zinki nyingi kwenye mkojo. Daktari Ananda Prasad ndiye aliyeonyesha, akianzia Iran na Misri miaka ya 1960, kwamba upungufu wa zinki unaweza kumfanya kijana abaki mfupi na asibalehe. Baadaye yeye na wenzake wakaukuta upungufu huo huo kwa wagonjwa wa selimundu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2002 uliwapa watoto wa selimundu miligramu 10 za zinki kila siku kwa mwaka mmoja, na wakarefuka zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Vidonge vya zinki tunavyo tayari kwenye zahanati zetu. Tunawapa watoto wanaoharisha. Sisemi kila mama akavichukue akampe mwanawe kwa kukisia. Nasema swali la zinki halijawahi kuulizwa mbele yangu hata mara moja, wakati chakula chetu cha kila siku ni ugali wa mahindi ambao huizuia zinki isifyonzwe vizuri, na huku dagaa, wenye zinki na protini, wanaanikwa kwenye mwambao wa ziwa hapa Mwanza, hatua chache kutoka kliniki.

Kisha zipo homoni zenyewe. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ndiyo inayotoa amri ya mtoto kukua na ya mwili kupevuka. Mwili wenye njaa ya nguvu na damu kidogo huchelewesha amri hiyo. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wa selimundu zaidi ya elfu mbili, watoto na vijana. Waliona kwamba uzito huachwa nyuma kuliko urefu, na kwamba kubalehe huchelewa kwa wasichana na kwa wavulana. Tafiti za Jamaica nazo zilionyesha mabinti wenye selimundu wakivunja ungo kama miaka miwili nyuma ya wenzao. Ndani ya matokeo hayo kuna habari njema ambayo kila mzazi angepaswa kuambiwa siku ya kwanza kliniki: wengi wa watoto hawa hatimaye hupevuka, na wengi huja kuukaribia urefu wa wenzao, kwa kuwa mifupa yao nayo huchelewa kufunga na hivyo hupata muda zaidi wa kurefuka. Na msichana aliyechelewa kuvunja ungo si tasa.

Nimeliandika neno tasa kwa sababu ndilo linalozunguka vichwani mwa watu bila kutamkwa.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watoto wanapoumia na wataalamu hawapo. Binti yangu ana miaka kumi na sita na umbo la mtoto wa miaka kumi na moja. Asubuhi mstarini hupangwa mbele, kwa kuwa wafupi ndio wanaotangulia, na nyuma yake wanasimama wasichana anaolingana nao umri ambao wangeweza kudhaniwa mama zake wadogo. Kwenye daladala konda humwita mtoto na kumwinua kitini ampishe mtu mzima. Mwalimu mgeni aliwahi kumtoa darasani akidhani amepotea njia kutoka shule ya msingi jirani. Haya anayavumilia. Asichoweza kuvumilia ni bweni. Wasichana wenzake wanapoulizana kama nani ana pedi ya kuazima, yeye hujifanya amelala. Aliniomba nimnunulie pakiti, akaiweka juu ya sanduku lake mahali pa kuonekana, wala hana matumizi nayo. Akina mama wataelewa jinsi nilivyojisikia nilipogundua.

Wavulana wanapata ya kwao. Sauti haivunjiki, ndevu haziji, na kwenye bafu la pamoja hakuna pa kujificha. Kijana wa jirani yetu, naye ni mgonjwa, aliacha shule ya bweni akisingizia maumivu ya mifupa. Ilichukua muda mrefu mama yake kujua kwamba alikuwa akiamka saa tisa usiku akaoge peke yake, kwa maji ya baridi, na kila mgonjwa wa selimundu anajua baridi inavyoalika maumivu. Kuna jambo jingine la wavulana ambalo sisi akina mama hatuambiwi kabisa: uume kusimama kwa maumivu, bila hamu, kwa saa nyingi. Ni sehemu ya ugonjwa huu. Ukizidi saa nne ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, maana unaweza kumharibia uanaume wake moja kwa moja. Mvulana wa miaka kumi na nne atamwambia nani, kama tangu aanze kliniki hakuna aliyewahi kumuuliza?

Kimya cha hospitali hujazwa na wengine. Shangazi anasema mtoto amefungwa. Mganga wa kienyeji anataka kuku na kitambaa. Jirani anashauri binti aolewe tu, eti mwili utaamka wenyewe. Lililo baya kuliko yote linauzwa kwenye maduka ya dawa na kwenye simu zetu: vidonge na mchanganyiko wa kunenepesha, wa kuleta makalio, wa kuongeza urefu. Ndani ya baadhi ya dawa hizo za kunenepa mna deksamethasoni. Ni dawa muhimu ikiwa mikononi mwa daktari, lakini mtoto akiinywa kila siku kwa miezi, uso unajaa, mashavu yanavimba, mama anafurahi kwamba mwanawe amenawiri, na kumbe dawa hiyo hiyo inazuia mifupa isirefuke na inashusha kinga ya mwili ambao tayari kinga yake ni dhaifu. Mvulana naye akipewa homoni za kiume kiholela, mifupa yake inaweza kufunga kabla ya wakati na kuupoteza urefu ambao angeupata kwa kusubiri. Mheshimiwa Waziri, mzazi anayenunua vitu hivi hajakosa akili. Amekosa mtu wa kumwambia ukweli, na dawa hizo anazipata kwa shilingi elfu kadhaa bila kuulizwa swali.

Hata pale swali linapoulizwa, namna ya kuuliza inaweza kujeruhi. Nilikuwepo muuguzi alipomuuliza binti mmoja kwa sauti, akiwa ng'ambo ya meza, "Wewe umeshaanza?" Benchi zima likageuka kumtazama. Yule binti alitikisa kichwa kukubali, na mama yake, aliyekaa karibu nami, akaninong'oneza kwamba si kweli. Katika faili imeandikwa kuwa ameshavunja ungo. Daktari atalisoma hilo mwakani na mwaka mwingine, na hatahangaika. Kwa hiyo ninaposema watoto waulizwe, naomba pia chumba chenye mlango unaofungwa, muuguzi wa jinsia yake, na dakika tano.

Nigusie damu na madini ya chuma. Watoto wetu wengi huongezewa damu mara kwa mara, na wapo walioongezewa mara nyingi hata hesabu imepotea. Damu hiyo inaokoa maisha, wangu imewaokoa. Lakini kila chupa huja na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuyatoa zaidi ya miligramu moja au mbili kwa siku. Yanayobaki hujilimbikiza kwenye ini, kwenye moyo na kwenye tezi. Wenzetu wenye thalasemia kali, wanaoishi kwa kuongezewa damu kila baada ya wiki chache, wamelijua hili kwa uchungu. Huko Italia, Ugiriki na Cyprus madaktari waliona vijana waliookolewa na damu wakishindwa kubalehe, wakipata kisukari, tezi ya shingo ikilegea, kwa sababu chuma kilikuwa kimeshambulia tezi zao. Ndiyo maana miongozo ya thalasemia leo inaagiza mtoto apimwe urefu kwa ratiba, aangaliwe balehe, apimwe feritini, sukari na homoni za tezi, na apewe dawa ya kuondoa chuma mapema. Inaonya hata kuhusu dawa yenyewe: ile ya sindano, deferoksamini, ikizidi kipimo huweza kuzuia mifupa kukua. Wameupata ujuzi huo baada ya kupoteza vijana wengi. Mgonjwa wa selimundu hashambuliwi na chuma kwenye tezi kwa kiwango cha mwenzake wa thalasemia, lakini aliyeongezewa damu mara nyingi hayuko salama, na miongoni mwetu wapo wenye magonjwa yote mawili mwilini. Hesabu ya chupa alizoongezewa mtoto iwe ukurasa wa mbele wa faili lake. Na akipimwa kisukari, asipimwe kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa sababu chembe za damu yake hazifikishi hiyo miezi mitatu na jibu litadanganya.

Kuhusu haidroksiyurea, nawaombeni mseme kwa sauti kubwa zaidi. Wazazi wengi ninaokutana nao wanaiogopa. Wamesikia ni dawa ya saratani, wanaamini ndiyo inayowadumaza watoto. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019 na kufanyika Angola, Kongo, Uganda na kwa majirani zetu wa Kilifi nchini Kenya, uliwapa dawa hiyo watoto 606 wenye umri wa mwaka mmoja hadi kumi. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Tafiti zilizofuatilia ukuaji wa watoto wanaoitumia hazikuona ikiwadumaza. Jambo la kuwaambia kweli vijana wa kiume ni kwamba inaweza kupunguza mbegu wakati wanaitumia, na wanastahili kulijua hilo kabla hawajalisikia mtaani. Na hapa vipimo vya ukuaji vinarudi tena, kwani dawa hii hutolewa kulingana na kilo za mtoto. Mtoto anayekua akibaki kwenye kipimo cha miaka miwili iliyopita, anakunywa dawa isiyomtosha, na mama yake atasema dawa haifanyi kazi.

Ninayoyaomba hayahitaji jengo jipya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 chati za ukuaji za watoto wa miaka 5 hadi 19. Ni za bure; zinaweza kuchapishwa nyuma ya faili. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hutarajiwa kuongeza sentimita tano au sita kwa mwaka. Anayeongeza chini ya nne anataka kuangaliwa, na hilo muuguzi yeyote anaweza kuliona akiwa na namba mbili zilizoandikwa kwa tarehe mbili. Msichana asiye na dalili ya matiti akiwa na miaka 13, mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua akiwa na miaka 14, achunguzwe. Huenda jibu likawa ni kusubiri, na mara nyingi litakuwa hivyo. Lakini kusubiri ulikoelekezwa na daktari, ukijua mifupa ya mkono imepigwa picha na bado iko wazi, ni tofauti kabisa na kusubiri gizani. Na kwa wale ambao kusubiri hakutoshi, tiba ya homoni kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi ipo, chini ya daktari anayeujua ugonjwa wao wote.

Madaktari wa homoni za watoto ni wachache nchini, nalijua hilo. Tangu 2008 kipo Nairobi kituo kinachowafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi za Afrika fani hii hii, na Watanzania wamesoma pale. Wizara ipeleke wengine, iwapange katika hospitali za kanda, na iwaruhusu kusikiliza kliniki za mikoa kwa simu. Mgonjwa wa Kigoma hawezi kila mara kusafiri hadi Dar es Salaam ili aambiwe asubiri.

Nawageukia na walimu, ijapokuwa barua hii haikuanza na jina lao. Mwanafunzi mdogo kuliko darasa lake, mwenye macho ya njano, anayekunywa maji sana na kuomba ruhusa ya chooni mara kwa mara, ni mtu mzima kwa akili kama wenzake. Msimwite kwa umbo lake, na msimpange mstarini kwa urefu.

Mheshimiwa Waziri, wakati tunasubiri mwongozo kamili wa haya yote, agizo moja la ukurasa mmoja kwa Waganga Wafawidhi lingetosha kuanza: mtoto wa selimundu asiondoke kliniki bila urefu wake kuandikwa. Nalisubiri agizo hilo, na najua siko peke yangu.

Na ninyi wazazi wenzangu, msisubiri. Mkifika kliniki ombeni kipimo kwa upole, na mkiambiwa hakuna, fanyeni nyumbani. Mvueni mtoto viatu, asimame ameegemea ukuta, visigino viguse, aangalie mbele. Wekeni kitabu kichwani pake, pigeni alama kwa penseli, pimeni kwa futi ya fundi cherehani, andikeni na tarehe. Rudieni baada ya miezi sita, kisha mpeleke namba hizo mbili kwa daktari na mumwombe aziandike kwenye faili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto wawili wenye selimundu,
Mwanza.